Siku Roida Alipoahidi Kulea

Vijana wa kanisa letu hapa Ilomba walinialika kwenye semina yao ya wazazi wapya. Walitaka bibi aliyechuma chai karibu maisha yake yote awaeleze jinsi wazazi wa Kikristo wa zamani walivyolea watoto kwa upendo na maombi. Nadhani walitarajia nitabasamu, niseme enzi zetu watu walisaidiana, kisha tunywe soda. Nilisimama nikasema, "Kabla hamjasifu malezi ya zamani, ulizeni kwanza nani alikuwa amembeba mtoto." Kijana aliyekuwa anaongoza akakohoa, akatazama saa yake, akasema bibi amechoka. Sikuwa nimechoka. Namalizia hapa yale niliyokatizwa, maana kwenye karatasi hakuna wa kunikoholea.

Nianze na chai. Mtoto wangu wa kwanza na chai siwezi kuvitenganisha.

Siku hizi mnachuma kwa mkasi, mnakata hata kijiti, na kiwanda kinapokea. Sisi tulichuma kwa vidole. Unatafuta majani mawili machanga na chipukizi katikati yake, unayashika kwa kidole gumba na cha shahada, unayavunja. Huyakati kwa kucha, kwa sababu jani lililokatwa kwa kucha huwa jeusi pembeni kabla halijafika kiwandani. Huyakusanyi mkononi mpaka ngumi ijae, kwa sababu mkono una joto na jani halitaki joto. Unayatupa nyuma kwenye kapu bila kutazama. Kapu liko mgongoni, na hapo mgongoni ndipo mahali pa mtoto pia. Mwanamke ana mgongo mmoja. Wakubwa wa shamba na wakubwa wa kanisa wote walijua hivyo, na hakuna aliyeona kwamba ni shida yake.

Aliyenifundisha kuchuma ni Mama Tulizo, Mbena mmoja mwenye mdomo, aliyeanza kazi Mufindi wakati upande mmoja wa shamba ulikuwa bado msitu. Siku yangu ya kwanza alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya kusikika mistari yote, "Wewe binti, unachuma chai au unanyonyoa kuku?" Wanawake wakacheka mpaka makapu yakatikisika. Ndivyo tulivyofundishwa. Ukikosea unachekwa, ukipatia hakuna anayesema neno.

Sikwenda Mufindi kwa kuipenda chai. Baba yetu alikufa kwa nimonia, na mama akamfuata kabla hata msiba wa baba haujapoa. Tulibaki mimi na Roida, mdogo wangu, ambaye hata kufunga nguo yake alikuwa hajui. Nilikuwa darasa la tatu. Mjomba alisema, "Wewe ndiye mkubwa, kaa na mdogo wako." Hakuna aliyeniambia niache shule. Mwalimu alituma mtu mara moja kuniulizia, hakutuma tena. Nawaambia hili mlijue vizuri: wakati ule msichana hakufukuzwa shuleni. Alipewa mtoto ashike, basi.

Nilimshika. Alipofika umri wa kusoma nilimwacha kwa mjomba ili aende shule, nami nikaenda Mufindi kuchuma ili asikose nguo wala daftari. Roida alikuwa na kichwa chepesi kuliko changu. Alishinda mtihani wa darasa la nne, akachukuliwa na shule ya bweni ya wasichana ya misheni, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka kambini kwetu. Kambi ile yote, pamoja na vijiji vya kuelekea Igowole, sikumjua msichana mwingine aliyevuka darasa la nne. Likizo alikuja kwangu. Alikaa kizingitini akiwasomea wanawake Biblia, kwa kasi ya mtoto anayejua kusoma na anataka watu waone. Mama Tulizo alimwambia, "Polepole, mwanangu. Mungu hana haraka kama wewe."

Mume wangu Gwakisa alikuwa Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu. Alifanya kazi kiwandani, juu darini, ambako majani yalitandazwa yanyauke kwa hewa ya moto. Alikuwa Mkristo wa kweli, na hili nalisema bila kejeli. Hakunywa pombe, hakunipiga, aliomba hata kabla ya kula kiazi kimoja. Aliponiposa nilimpa sharti moja tu, kwamba Roida atasoma mpaka shule yenyewe iseme basi. Akajibu, "Huyo sasa ni mdogo wangu pia." Nilifurahi sana. Kumbe mtu akisema mdogo wako ni wake pia, anaweza kuwa na maana kwamba naye ana kazi za kumpa.

Ambokile, mtoto wetu wa kwanza, alizaliwa mvua zilipoanza, katikati ya miaka ya hamsini. Mimi nilidhani nayajua yote kwa kuwa nilimlea Roida. Lakini Roida nilimpokea akiwa na meno na akili zake. Huyu alikuja bila chochote, shingo haishiki, macho yanatazama kila mmoja upande wake. Gwakisa alijua maombi tu. Mtoto akipiga chafya, tunaomba. Akinyamaza sana, tunaomba. Baba yake alimsomea Zaburi nzima akiwa usingizini, na alipoamka akilia, akasoma tena tangu mwanzo akidhani amemkatisha mahali pabaya.

Siku moja asubuhi mtoto alishikwa na kwikwi. Hatukujua kwamba mtoto mchanga anaweza kupata kwikwi. Tuliona kifua kinaruka, tukadhani roho inatoka, na mtoto alikuwa bado hajabatizwa. Gwakisa alitoka mbio bila viatu mpaka nyumba ya mwinjilisti, ng'ambo ya bonde. Mwinjilisti naye akaja mbio, bakuli la maji mkononi, nusu limemwagika njiani. Walipoingia, mtoto alikuwa amelala fofofo. Mama Tulizo, aliyekuwa ameitwa na kelele zangu, alimtazama mwinjilisti anavyohema, akamwambia, "Baba, ukibatiza kila kwikwi utatumalizia kisima."

Na nepi. Mufindi nguo haikauki, inapoa tu. Ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria. Gwakisa, kwa mapenzi yake ya baba mpya, alianza kubeba vitambaa vya mtoto ndani ya koti lake na kuvianika kule darini penye hewa ya moto, nyuma ya majani. Vilikauka vizuri ajabu. Kisha msimamizi akavikuta. Akavishika kwa ncha ya fimbo, akauliza, "Gwakisa, na hii ni chai ya daraja gani?" Kiwanda kizima kilimcheka mpaka mwezi ukaisha. Lakini hata leo nikimkumbuka mume wangu kwa wema, namkumbuka akitembea kambini kwenye ukungu, koti limemvimba kwa nepi kavu.

Hayo ndiyo ya kuchekesha, na ndiyo waliyotaka niishie hapo kwenye semina.

Baada ya kupumzika kwa uzazi ilinibidi nirudi shambani. Ilikuwa mvua, chai imefumka, na nyapara alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani mzima. Kila mama kambini alikuwa na mlezi. Mlezi ni nani? Ni msichana mdogo. Mdogo wa mama, au mdogo wa baba, au mtoto wa shangazi aliyeletwa kutoka kijijini. Asubuhi ukipita kambini uliwaona wamekaa ukutani wakiota jua, kila mmoja na mtoto mgongoni mkubwa karibu kama yeye, kamasi zinawatoka wote wawili. Sikuwahi kumwona hata mmoja wao na kitabu. Watu waliwaita watoto wazuri, wenye adabu.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Tukuyu kwa lori, na mikungu ya ndizi, kumwona mjukuu. Hakuwa mwanamke mbaya. Aliniogesha, alinipikia, alinikanda tumbo kwa maji ya moto. Lakini nyumbani kwake kulikuwa na mashamba na wazee wanaomngoja, asingeweza kukaa. Roida alipofika likizo ya Desemba na sanduku lake kichwani, mama mkwe alimtazama tangu kichwa hadi miguu, kama mtu anayepima kuni.

"Mkamwana," akaniita, "mdogo wako mkubwa hivi, bado anasubiri nini?"

"Anasoma, mama. Januari anaingia darasa la saba."

"Darasa la saba." Alilirudia kama jina la nchi ya mbali. "Na mtoto atakaa na nani? Na darasa la saba?"

Niliwaza nitapata njia.

Ubatizo ulikuwa Jumapili kabla ya Krismasi. Mchungaji alitaka wadhamini wa mtoto watoke pande zote mbili, waliokwisha kupata kipaimara. Upande wangu ndugu aliyekuwepo kambini ni Roida, naye alikuwa amepata kipaimara shuleni mwaka uleule. Alifua kitambaa chake cheupe, akakipiga pasi kwa kikombe cha maji ya moto. Alipomshika Ambokile mbele ya watu alisimama wima kama askari. Mchungaji akauliza, "Je, mnaahidi kumlea mtoto huyu katika imani?" Wadhamini wa upande wa Gwakisa walijibu kwa kunong'ona, kama watu wazima wanavyojibu kanisani. Roida alijibu kwa sauti ya mtoto anayeitwa jina darasani: "Ndiyo, ninaahidi kumlea, Mungu anisaidie!" Watu waligeuka kumtazama. Mimi nilimtazama kwa fahari.

Nje, mama mkwe alimfuta Roida uso kwa kanga yake. "Ndaga, mwanangu," akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Umesema vizuri. Watu wote wamesikia." Nilidhani anamsifu.

Shule ilipokaribia kufunguliwa nilimwona Roida hafungi sanduku. Siku ya kuondoka ikafika, ikapita. Nilirudi kutoka shambani, nguo zinachuruzika, nikamkuta amembeba Ambokile mgongoni, anachochea moto.

"Sanduku lako liko wapi?"

"Nimempa mama yake shemeji akaweka nguo za mtoto."

"Roida, shule imefunguliwa."

"Najua, Dada. Lakini niliahidi kumlea."

Nilicheka kwanza. Nilidhani ni utani. Kisha niliona macho yake. Huyu alikuwa mtoto aliyesoma habari za watu waliomwekea Mungu nadhiri, na mmoja wao akamtoa sadaka binti yake mwenyewe kwa sababu alikuwa amekwisha kutamka. Aliyaamini yote, neno kwa neno. Tulimfundisha ayaamini hivyo.

"Uliahidi kumlea katika imani," nikamwambia. "Kumwombea. Kumfundisha akikua."

"Mchungaji aliuliza kumlea."

"Katika imani!"

Mama mkwe akasema kutoka kwenye kigoda chake, bila ukali wowote, "Mkamwana, mimi nimelea watoto saba, kulea nakujua. Mtoto ameapa madhabahuni. Unataka aanze maisha kwa uongo?"

Nilimtazama Gwakisa. Alikuwa anavua viatu, taratibu mno.

"Baba Ambokile, tuliagana nini mimi na wewe?"

"Tuliagana," akasema. "Lakini sisi wawili tuliagana kwa maneno yetu. Yeye ameapa kwa Mungu. Mimi ni nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba walikwisha kulizungumza. Hawakumlazimisha Roida. Walimkumbusha tu, kila asubuhi nikiwa shambani, maneno yake mwenyewe. Na yeye, kwa kuwa alikuwa mtoto mwema, alijifunga mwenyewe.

Nilimchukua Roida kwa mchungaji. Mama mkwe akasema naye anakuja. Tulimkuta mzee yule barazani anachambua mbegu za maharage, akatukaribisha vizuri, akasikiliza wote. Kisha akamwambia Roida, "Mwanangu, kulea katika imani si kubeba mgongoni."

Nikashusha pumzi. Lakini Roida akauliza, "Mchungaji, Dada akiwa shambani na mimi niko shuleni, mtoto akifa kwa kukosa mtu wa kumshika, nitakuwa nimemlea katika imani?"

Mzee akaacha maharage. Mimi nilikuwa nangoja aseme neno moja tu, nenda. Mama mkwe akakohoa kidogo. Hatimaye mchungaji akasema, "Msichana akienda shule si dhambi. Msichana akibaki kumsaidia dada yake nayo si dhambi. Mambo haya mkayamalize nyumbani, mume ndiye kichwa." Akatuombea, akatupa maharage ya kupanda.

Watu walimsifu kwa busara. Mimi nawaambia vijana mnaosomea uchungaji: ukisema huku si dhambi na kule si dhambi, kisha ukaenda zako, umemwachia mwenye nguvu. Hukusuluhisha kitu.

Kulipopambazuka Jumatatu iliyofuata sikwenda shambani. Gwakisa alikuwa kiwandani, mama mkwe amekwenda mtoni. Nilimwaga nguo za mtoto kutoka kwenye sanduku, nikaweka za Roida. Nikamfunga Ambokile mgongoni, nikamtwika Roida sanduku, nikamshika mkono. Alilia njia nzima. Hakulia kwa sauti, machozi tu, na sanduku kichwani hakuweza hata kuyafuta.

"Dada, kiapo kitanifuata."

"Nimekichukua mimi."

"Kiapo hakichukuliwi. Si mzigo."

"Basi Mungu akikuuliza, mwambie dada yako alikukamata mkono akakuburuta. Hutakuwa umesema uongo."

Tulifika jioni, jua likiwa bado lipo. Mwalimu mkuu, mama wa Kizungu aliyesema Kiswahili cha kukata kata, alitutazama: msichana aliyechelewa, uso umevimba kwa kulia, na mtoto mchanga. Akanyoosha kidole.

"Mtoto ni wa nani?"

"Wangu," nikasema.

Akamtazama Roida. "Wasichana hurudi hapa na dada zao, na mtoto. Kila mwaka. Dada husema ni wake."

Roida aliinama kama aliyepigwa. Wasichana walikuwa wamejaa madirishani. Niliona mlango wa ile shule unafungwa mbele ya macho yangu kwa sababu ya mtoto wangu mwenyewe, nikafanya lililokuwepo la kufanya. Nilikaa chini pale barazani, nikafungua nguo, nikamtoa Ambokile mgongoni nikampa ziwa. Alikuwa na njaa ya njia nzima. Alinyonya kwa kelele, maziwa yakamwagika kidevuni, lile ziwa la pili likaanza kuchuruzika lenyewe sakafuni. Nikamwambia yule mama, "Tazama vizuri. Kama huamini, kaa hapa mpaka ashibe."

Alitazama. Kisha akageuka upande, akasema, "Aingie."

Roida hakuingia. Alisimama kwenye mstari wa mlango. Nilinyanyuka na mtoto bado ananyonya, nikamkamata mkono kwa mkono wangu uliobaki, nikamvusha. Wale wasichana walimcheka, na nilisikia baadaye kwamba walimwita Mama Mtoto mpaka alipomaliza darasa la nane.

Niliporudi, Gwakisa alikuwa amekaa mlangoni. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake. Aliniambia, "Umeamua. Basi beba."

Nikabeba. Hapa ndipo ujuzi wangu ulipo, na sioni fahari nao. Mtoto mgongoni, kapu ubavuni, kamba imepita begani kinyume. Nyonga inachubuka, kwa hiyo unaweka gunia lililokunjwa. Mtoto akishakuwa mzito unamlaza mwisho wa mstari juu ya ngozi, unamzungushia jivu kwa sababu siafu hawavuki jivu kavu, na kila ukifika mwisho wa mstari unabadilisha jivu, kwa kuwa ukungu unalilowesha. Kabla ya kumnyonyesha unasugua mikono kwa mchanga, la sivyo utomvu wa chai unamfanya akunje uso na kukataa. Majani yakijaa kapuni yanapata joto lenyewe. Baridi ikizidi nilimkalisha Ambokile miguu imezama kwenye majani, akatulia kama mzee anayeota moto. Nyapara alipoligundua kapu hilo alitia mkono, akasema, "Jani hili limeungua." Mama Tulizo akamjibu, "Halijaungua, limelea." Walilimwaga, kazi ya asubuhi nzima.

Lakini hata Mama Tulizo aliniambia tukiwa wawili, "Ungemwacha tu Roida akae nyumbani. Wote tulikaa." Alisema kwa kunihurumia. Nilimwambia, "Ndiyo maana."

Ambokile alikua. Alianza kutembea kati ya michai, akashika vichaka, akajifunza kutamka maneno. Kisha surua ikaingia kambini. Ilichukua watoto waliokuwa na walezi na wasiokuwa nao. Ilichukua mapacha wa nyumba ya pili, ambao walezi wao walikuwa wawili. Na ilimchukua Ambokile.

Roida alikuja mazikoni. Shule ilimruhusu. Alisimama kaburini hakulia, na watu walipoanza kutawanyika alinisogelea akasema kwa sauti ndogo, "Ulinifanya niseme uongo mbele ya Mungu, naye amejibu." Mama mkwe, aliyekuja kwa msiba, alisikia. Gwakisa alisikia. Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Gwakisa hakuwahi kunilaumu. Afadhali angelaumu, tukagombana yakaisha. Alikuwa mtu wa amani, akakaa na lawama yake ndani kama mtu anayekaa na mgeni asiyeondoka. Tulihama tukaja upande wa Mbeya, nikachuma chai ya Rungwe mpaka nikawa msimamizi, tukapata watoto wengine. Kila mmoja nilimzungushia jivu mwenyewe. Nilipopewa kusimamia wachumaji, msichana yeyote wa umri wa shule niliyemwona amembeba mtoto mwisho wa mstari nilimfukuza arudi kwao. Mama zao walinichukia, na walikuwa na haki ya kunichukia, kwa sababu sikuwa na kitu cha kuwapa badala yake.

Roida alimaliza, akawa mwalimu. Alifundisha Iringa miaka mingi. Hakuolewa. Salamu zake zilinifikia kupitia watu wengine: mwalimu Roida anawasalimu nyumbani. Nyumbani, si mimi.

Alipostaafu alijenga Ilula, nyuma kidogo ya barabara kuu, akalima nyanya. Gwakisa alipokwisha kuzikwa nilipanda basi nikaenda, bila kuarifu. Nilimkuta amefunga kitambaa kichwani, anafunga miche kwenye vijiti. Mvi zake zilikuwa nyingi kuliko zangu.

"Kamwene, Dada," akanisalimu kwa lugha ya kwetu. "Karibu."

Alipika ugali na mboga za majani. Tulikaa jikoni. Tulizungumza mvua, mbolea, miguu inavyouma. Kisha akaniuliza, "Kuna kitu umekuja kuniambia?"

"Nimekuja kukuona."

"Nimekungoja uniombe msamaha tangu nikiwa msichana."

"Kwa lipi?"

Akanyoosha mkono wake juu ya meza, kiganja juu. "Kwa huu. Nilikuwa sitaki kuvuka ule mlango. Nilitaka kutimiza neno langu. Ukanikamata."

"Sitaomba."

"Hata mbele ya Mungu?"

"Hata mbele yake. Akiniuliza nitamwambia nilikukamata, na leo ningekukamata tena."

"Hata ukijua mtoto atakufa?"

Nje lori lilipita likielekea Iringa mjini.

"Hata nikijua."

Roida alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekataa kubadilisha jibu. Sikuona kama amenisamehe. Sidhani. Kisha akavuta bakuli, akaniongezea mboga.